Kumi juu ya kumi, lakini kutawadha hajui

Tuangalie buletini ya mtoto anayesoma ku shule ya kiislamu, iwe Kindu, Kasongo ao Goma. Ku mustari wa dini, pointi zake zinatoka wapi? Mara nyingi zinatoka ku karatasi moja tu: taja nguzo 5 za Uislamu, taja nguzo 6 za imani. Mwenye kujua kukariri anapata 10 juu ya 10. Umupe birika ya maji, hajui aanzie wapi.

Tena kuna luga, na hii watu hawaisemi sana. Mtoto anasoma Kurani kwa Kiarabu, nyumbani wanamuelezea dini kwa Kiswahili, kisha ezameni inakuja kwa Kifaransa. Akianguka, tumepima nini? Tumepima Kifaransa chake, basi! Na sheria ya elimu ya 2014 inakubali luga zetu za taifa shuleni.

Chuo cha zamani kilikuwa na akili yake: kila mtoto anakaa mbele ya mwalimu na ubao wake, anasoma peke yake, anasahihishwa palepale. Hapo ni kupima kweli. Ila kilisimama ku sauti, maana ya aya ikabaki pembeni.

Leo wanasema tupime mtoto muzima: kichwa, mikono na tabia. Kichwa na mikono, sawa. Atawadhe mbele ya mwalimu, asome Fatiha, aeleze kwa maneno yake zaka inasaidia nani. Ku tabia ndipo ninasita. Indonesia, ku programu yao ya 2013, mwalimu wa dini aliombwa kupima hata mwelekeo wa kiroho, kwa kuangalia na kuandika ku kaye. Kuandika ni kuzuri. Lakini mtoto akijua swala yake iko na pointi, anaswali juu ya nani? Niya haina inspekta. Na mustari wa mwenendo tuko nao tayari ku buletini. Waalimu wangapi wanaujaza usiku mumoja, kwa kukumbuka sura tu?

Mimi naona tabia iandikwe bila pointi: amerudisha kalamu aliyookota, amegombana, ameomba samaha. Muzazi asome hayo. Mtasema darasa ni kubwa. Mwenye watoto 50 aandike juu ya 5 kila juma. Kwa majuma 10 amewaona wote.