Kroatia Ilivyobanwa Kuachana na Ruzuku za Meli

Kroatia ilipobisha hodi katika Umoja wa Ulaya, mazungumzo yake yaligawanywa katika sura 35. Sura ya 8, inayohusu ushindani, ilikuwa miongoni mwa zile za mwisho kufungwa, tarehe 30 Juni 2011. Kilichoikwamisha ni viwanda vya kuunda meli vya Split, Trogir, Rijeka na Kraljevica, ambavyo kwa miaka mingi viliishi kwa fedha za serikali.

Fedha hizo hazikutoka zote taslimu. Njia moja kubwa ilikuwa dhamana: kiwanda kinakopa benki, hazina inatia sahihi kwamba kikishindwa italipa yenyewe, na benki inakopesha kwa riba nafuu ambayo kiwanda chenye hesabu mbovu kisingeipata kamwe. Siku dhamana inapotolewa, hakuna hata senti inayoonekana kutoka kwenye bajeti. Deni likiiva, anayelipa ni mlipa kodi. Katika soko la pamoja madhara yanavuka mpaka pia, kwa kuwa muunda meli wa nchi jirani asiyebebwa na hazina yoyote ananyang'anywa zabuni kwa bei isiyo ya kweli.

Mdhibiti alikuwepo. Sheria ya ruzuku ya mwaka 2003 iliupa Wakala wa Kulinda Ushindani mamlaka ya kukagua misaada ya serikali, na wakala huo uliwajibika kwa bunge, si kwa waziri. Huo ni mpangilio mzuri, na unastahili kuigwa. Lakini viwanda vile vilikuwa tegemeo la maelfu ya familia za pwani ya Adriatiki, na hakuna serikali ya Zagreb iliyotaka kukumbukwa kwa kuvifunga. Uamuzi mgumu ulikuja pale tu Brussels ilipoufanya kuwa sharti la kuingia.

Masharti yakaandikwa ndani ya mkataba wenyewe wa kujiunga. Viwanda viuzwe kwa wawekezaji binafsi, uwezo wa uzalishaji upunguzwe, na 40% ya gharama za ufufuaji zitoke kwenye fedha zisizo na ruzuku. Kisha kikafuata kifungu chenye makali kuliko vyote: mpango usipotekelezwa, misaada ya uokoaji na ufufuaji iliyotolewa tangu 1 Machi 2006 irudishwe. Mamlaka ya kudai fedha zirudi ndiyo kipimo cha mdhibiti. Mdhibiti anayeweza kutoa maoni tu atasikilizwa siku serikali ikiwa na nafasi.

Kraljevica kilifilisika mwaka 2012. Brodosplit, kiwanda cha Split, kilinunuliwa na kampuni ya DIV. Kiwanda cha Rijeka, kiitwacho 3. Maj, kilichukuliwa na Uljanik, kampuni ya kuunda meli ya Pula, mwaka 2013, mwaka uleule Kroatia ilipopata uanachama. Miaka mitano baadaye Uljanik nayo ikakwama. Januari 2018 Tume ya Ulaya iliidhinisha dhamana ya serikali kwa mkopo wa uokoaji wa euro milioni 96. Mei 2019 mahakama ikaanza kuifilisi, na hazina ikabaki na mzigo wa dhamana ilizokuwa imetia sahihi. Udhibiti haukuzuia hasara hiyo. Uliiwekea ukomo, kwa sababu msaada wa uokoaji huruhusiwa kwa miezi sita tu, na baada ya hapo lazima uwepo mpango wa kufufua unaoaminika.

Serbia, jirani ya Kroatia, ilianza kwa njia tofauti kabisa. Sheria ya mwaka 2009 iliunda tume ya kudhibiti ruzuku ambayo wajumbe wake waliteuliwa na serikali, wengi wao kwa mapendekezo ya wizara, huku shughuli zake zikiendeshwa ndani ya Wizara ya Fedha. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere. Ripoti za Tume ya Ulaya zililalamikia jambo hilo mwaka baada ya mwaka, mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika Januari 2020, tume hiyo ya ruzuku ikawa chombo kinachojitegemea na baraza lake likachaguliwa na bunge.

Afrika Mashariki inalo la kuchukua hapo. Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 ina sehemu nzima kuhusu ruzuku za nchi wanachama, na makamishna wa mamlaka yake, yenye makao Arusha, waliapishwa miaka kumi baadaye. Bajeti ya Jumuiya hutegemea michango ya serikali zilezile zinazopaswa kukaguliwa, na michango hiyo huchelewa mara kwa mara. Mamlaka hiyo ikitarajiwa siku moja kuiambia hazina ya nchi mwanachama idai fedha zake kutoka kwa kampuni inayoipendelea, fungu lake linapaswa kutengwa mapema, kwa miaka kadhaa, mahali ambapo hakuna waziri anayeweza kulishika.