Hatari ilipiwe kabla ya dadu

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, watunzi wengi hubandika hatari yote ya tambiko kwenye dadu: ikidondoka 1, uganga unamrudia mwenyewe. Kwa dadu ya pande 20 hiyo ni asilimia 5, na inaonekana ndogo. Lakini mganga akitambika mara 14, uwezekano wa kuwa ameshakutana na ile 1 umevuka nusu. Anayeutumia sana ujuzi wake ndiye anayeangamia mapema, na wachezaji wakiligundua hilo wanaacha kutambika.

Dungeons & Dragons, toleo la 2014, ilikwenda upande wa pili: tambiko huongeza dakika 10 na halipunguzi akiba ya uganga. Adui asipokuwa karibu, dakika hizo hazigharimu kitu.

Wayeye wana utaratibu uliokomaa kuliko yote mawili. Ni chama cha wacheza nyoka cha Wasukuma na Wanyamwezi, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946. Mwanachama huingizwa kwa taratibu, huchanjwa dawa, hufundishwa tabia za nyoka na mizizi ya kutibu. Ngoma inapolia naye akamshika nyoka mbele ya watu, sehemu kubwa ya gharama ameshailipa. (Chanjo hiyo si kinga ya kutegemewa, aliyeumwa awahishwe hospitali.)

Tuseme mchezo unatokea miomboni, Kaliua. Ningempa mganga pointi za kinga kwa kila msimu wa mafunzo, zipungue asiporudi kwa mwalimu. Dadu isiamue kama amekufa, iamue tu kama ameumwa. Kuanzia hapo ihesabiwe saa, na hapa nyoka wenyewe wanatupa kanuni: sumu ya kifutu huozesha nyama polepole, hivyo wenzake wana muda wa kumbeba hadi kituo cha reli na kubishana njiani, sumu ya koboko hushambulia neva na kuziba pumzi upesi, hivyo wana raundi chache tu. Mmoja wao awe ameshika dawa tangu mwanzo, na asiruhusiwe kufanya jambo jingine wakati tambiko linaendelea. Hiyo ni gharama ya kweli, kwa sababu kundi linapoteza mikono miwili.

Mwanafunzi nisingemruhusu kumgusa koboko hata dadu ingempa 20. Kwanza amalize kwa kifutu, mwalimu akiwa pembeni.