Mapendo na Sauti za Kuvunja Moyo: Mafundisho ya Jamaa Katika Kambi za Likasi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maana ya neno mapendo katika mafundisho ya Jamaa, harakati ya Wakatoliki iliyoanzia Kolwezi katika miaka ya 1950 chini ya Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na kuenea hadi Likasi na Lubumbashi miongoni mwa familia za wafanyakazi wa migodi. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyezungukwa na sauti za kumvunja moyo alipofundishwa kutegemea mapendo ya Mungu, alikuwa anapewa nini hasa?

Swali hili halijibiki bila kuyatazama mazingira yake. Panda, ambayo leo ni mojawapo ya komuni nne za mji wa Likasi, ilikua pamoja na viwanda vya shaba vya Union Minière du Haut-Katanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilibadili siasa yake ya kazi: badala ya kutegemea wanaume wa muda, iliwahimiza wafanyakazi kuja na wake zao, ikawapa nyumba kambini, posho, shule na zahanati. Uangalizi huo ulikuwa na bei yake. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa tangu 1931 hadi 1966, waligoma kudai mishahara, sawa na wenzao wa Elisabethville, na baadhi ya wagomaji wakauawa kwa risasi. Sauti ya kwanza ya kuvunja moyo haikuwa, basi, ya jirani mwenye husuda. Ilikuwa sauti ya utaratibu mzima uliomhesabu mtu kwa nguvu za mikono yake na kumsemesha kama mtoto.

Mafundisho ya Jamaa, ambayo Johannes Fabian aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1971, hayakuujibu utaratibu huo kwa hoja za kisiasa. Yalianzia mbali zaidi. Yaliuliza muntu ni nani, yakajibu kwa maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mtu, kwa mujibu wa mafundisho hayo, alikuwamo katika mawazo ya Mungu kabla hajaumbwa. Hapa ndipo penye nguvu ya jibu. Ikiwa thamani ya mtu imetangulia kuumbwa kwake, basi msimamizi wa kazi amechelewa mno kuipunguza.

Umbo la neno nalo lina ushahidi wake. Mwandishi wa pwani angetarajiwa kusema upendo, nomino dhahania ya hali iliyomo moyoni. Mapenzi angeyaachia wapendanao, au mapenzi ya Mungu kwa maana ya matakwa Yake. Mapendo ni jambo jingine. Kiambishi ma- katika nomino nyingi zitokanazo na vitenzi hudokeza tendo la pande mbili au la watu wengi: mapatano, mapigano, maagano. Jamaa haikulibuni neno hili, kwani lilikuwa la kawaida katika Kiswahili cha kanisa huko Kongo. Lakini ililichukua kwa uzito wa umbo lake. Mapendo hayakuwa hisia ya kufarijia. Yalikuwa jambo linalotendwa baina ya mume na mke, na baina ya wanandoa na baba na mama waliowazaa kiroho, mfano wao ukiwa Bwana Yesu na Bikira Maria. Aidha, inashangaza kidogo kwamba harakati hiyo iliota mizizi juu ya wanandoa walewale ambao kampuni iliwakusanya kambini kwa faida yake yenyewe.

Tofauti na tawakali ya ushairi wa pwani iko wazi. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858 akiwa mgonjwa, anamkabidhi Mola mambo yake. Anayetegemea ni nafsi moja mbele ya Mungu, hata kama mausia yanamlenga mwingine. Katika Jamaa, mtu peke yake hawezi kuyajua mapendo ya Mungu. Hupitia kwa mwenzake.

Wahakiki wa Kiswahili wameyapuuza maandiko ya namna hii kwa sababu ya lugha yake: bantu badala ya watu, iko panapotarajiwa kitenzi kingine, upatanisho usiofuata sarufi ya shule. Hukumu hiyo ni ya haraka. Istilahi za Jamaa zina mpangilio mkali kuliko mahubiri mengi yaliyoandikwa kwa Kiswahili Sanifu, na anayezisahihisha kabla ya kuzisoma huipoteza hoja yenyewe.

Hata hivyo, mafundisho hayo yana udhaifu usiofaa kufichwa. Mapendo yanayopokelewa kwa kuzaliwa kupitia baba na mama humweka mwenye shaka mahali pagumu: shaka yake huweza kufasiriwa kuwa ni dalili kwamba bado hajazaliwa. Fundisho lililomkinga mtu na dharau ya nje liliweza kumziba masikio asisikie pingamizi la haki.

Jambo hilo lilidhihirika pale sauti ya kuvunja moyo ilipotoka kanisani. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi hadi alipofariki mwaka 1977. Katika miaka ya 1970, Katanga ikiitwa Shaba, maaskofu waliikabili Jamaa kwa masharti makali. Wafuasi walitakiwa kuikana, na waliokataa walitengwa. Kumpuuza msimamizi wa kiwanda kulikuwa jambo moja. Askofu hakuweza kupuuzwa vivyo hivyo na watu waliojihesabu kuwa Wakatoliki kamili, wala hawakutaka kanisa jingine. Mafundisho yaliyowaeleza kwa ufasaha walikuwa nani kabla ya kuumbwa hayakuwa na neno la kumjibu baba aliyewakataa.