Raia, Mzalendo na Mtihani: Uhakiki wa Msamiati katika *Mzalendo Kimathi*

Mtu asiyezaliwa Mkenya, akitaka kuwa raia wa Kenya kwa kuandikishwa, hudaiwa kwanza miaka saba ya ukaazi wa halali. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 yamdai na zaidi ya hayo: awe na ujuzi wa kutosha juu ya Kenya na juu ya haki na wajibu wa raia, tena aweze kuelewa na kusema Kiswahili au lahaja ya kienyeji. Katiba iliyotangulia ile ya 2010 ilitaja Kiswahili peke yake. Kwa hiyo mkaazi wa Karatina aliyejifunza Kikuyu sokoni, au wa Meru aliyejifunza Kimeru, ametimiza sharti la lugha hata kama Kiswahili chake ni cha kubabaisha. (Kwamba mtunga sheria aliziita lugha hizo “lahaja” ni jambo litakalowaudhi wanaisimu. Lahaja za lugha gani, hakusema.)

Sharti la ujuzi ni gumu zaidi, maana sheria yenyewe haikutaja kitabu cha kusoma. Anayejifunza mambo ya serikali atashika Katiba, nayo ipo kwa Kiswahili, ingawa kifungu cha 259 chasema kwamba matini zikipingana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Anayejifunza historia ya taifa, hasa akiwa anaishi Nyeri, ni vigumu kuipita *Mzalendo Kimathi*, tafsiri ya Raphael Kahaso (1978) ya tamthilia ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo waliiandika kwa Kiingereza mwaka 1976. Vitabu hivi viwili havitumii neno moja kumtaja mtu aliye wa nchi, na tofauti hiyo haijapewa uzito unaostahili.

Katiba yasema *raia*. Neno hili ni la Kiarabu. Asili yake ni kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Matumizi ya muda mrefu yameifuta harufu ya zizi, lakini neno bado ni la upande wa serikali: raia ni yule anayetambuliwa. *Mzalendo* lina shina la *-zaa*. Ni mwenyeji wa mahali kwa kuzaliwa, na maana ya mtu anayeipenda nchi yake imejengwa juu ya hiyo. Uraia huombwa, hutolewa, na waweza kuondolewa; kifungu cha 17 chaeleza jinsi raia wa kuandikishwa anavyoweza kuvuliwa uraia wake, kwa mfano akitiwa hatiani kwa uhaini. Uzalendo, kwa shina lake, hauombwi katika afisi yoyote.

Sasa litazamwe jina la tafsiri. Waandishi waliiita kazi yao *The Trial of Dedan Kimathi*. Neno *trial* katika jina hilo labeba mizigo miwili: kesi inayosikilizwa katika mahakama ya Nyeri, na majaribu manne anayopitishwa Kimathi akiwa kizuizini, pale wanapomjia mmoja baada ya mwingine wenye kumshawishi na wenye kumtesa. Muundo mzima wa tamthilia umesimama juu ya ukuruba wa maana hizo mbili. Mfasiri ameliacha neno hilo na badala yake ameweka hukumu. Kabla pazia halijafunguliwa, msomaji wa Kiswahili ameshaambiwa Kimathi ni nani.

Mtu aweza kumtetea mfasiri kwamba Kiswahili hakina neno moja lenye maana zote mbili: *kesi* ni ya mahakama, *jaribu* ni la moyo. Utetezi huo hautoshi. Neno *mtihani* lilikuwapo. Mswahili husema amepata mtihani anapofiwa au anapofilisika, na mwanafunzi hufanya mtihani mbele ya msimamizi. Si neno la mahakamani, ni kweli, lakini lingehifadhi lile ambalo jina la sasa limelipoteza, yaani swali la nani anamhoji nani, na kwa idhini ya nani.

Swali hilo ndilo moyo wa onyesho la mahakamani. Kimathi wa jukwaani kwanza ananyamaza anaposomewa shtaka; baadaye anaikana mahakama yenyewe, kwa hoja kwamba sheria inayomshtaki haikutungwa na watu wake. Kimathi wa historia alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kosa la kumiliki silaha, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi hiyo zilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa zimepotea, hata zilipochapishwa mwaka 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur. Humo Kimathi anakana shtaka, anatoa ushahidi, anajibu maswali. Waandishi hawana kosa: tamthilia si jalada la mahakama, nao hawakudai kuwa ni hivyo. Lakini anayejifunza historia kwa ajili ya kuulizwa maswali angefaidika kuona nafasi iliyopo kati ya Kimathi hao wawili, na jina *Mzalendo Kimathi* laiziba nafasi hiyo.

Nyeri ilijaribiwa mapema. Wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960) watu walipangwa foleni mbele ya *gakunia*, mtoa habari aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, naye kwa kutikisa kichwa aliamua nani arudi nyumbani na nani apelekwe kizuizini. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957, wiki chache tu baada ya kunyongwa Kimathi. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kupiga kura bila cheti cha uaminifu. Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu katika jimbo hilo. Msamiati wa uaminifu kwa serikali ulikwisha kutumika milimani humo kabla ya taifa kuzaliwa, na walioshindwa mtihani ule ndio historia ya leo inayowaita mashujaa. Tamthilia inalijua jambo hili kikamilifu. Katiba, kwa desturi ya katiba, inalipita kimya.

Lipo hata hivyo jambo ambalo tamthilia nayo inalipita. Mhusika Shaw Henderson ametokana na Ian Henderson, afisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi. Mtu huyo alikulia Kenya na alisema Kikuyu kwa ufasaha. Kwa sharti la lugha la 2011 angefaulu bila taabu. Serikali huru ilimfukuza nchini mwaka 1964. Kwa upande wa pili, Mhindi katika tamthilia ni mwenye benki aliyekuja kumrubuni mfungwa. Wenye maduka wa Nyeri na Nanyuki, waliopewa miaka miwili baada ya uhuru kuamua kama watajiandikisha kuwa raia, wangeisoma tamthilia hii bila kujikuta ndani yake. Makhan Singh hamo. Alizaliwa Punjab, akaja Kenya akiwa kijana, akadai uhuru hadharani mwaka 1950, na kwa hilo akawekwa kizuizini hadi 1961. Kwa shina la neno, Makhan Singh si mzalendo wa Kenya. Kwa maana ya neno, ni vigumu kumnyima jina hilo.

Ajabu ni kwamba matini yenyewe ina ukarimu kuliko jina lake. Mvulana na Msichana wanapotokea mara ya kwanza wanafukuzana katika mitaa ya Nyeri kwa ugomvi wa pesa kidogo. Mwanamke anamhoji Mvulana, anamsikiliza, anamkaripia, kisha anampa mkate apeleke. Ndani ya mkate mna bastola. Hapana hati anayoonyeshwa wala cheti anachodaiwa. Kinachompa Mvulana nafasi yake katika onyesho la mwisho si mahali alipozaliwa, bali mkate alioubeba, na kwamba alipogundua kilichomo hakuutupa.