Jaribio la FEAST Lisomwapo Wodini: Uhakiki

Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, lilihoji desturi iliyodhaniwa kuwa haina ubishi: kumpa haraka dripu nyingi mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waligawanywa kwa nasibu. Kufikia saa 48, asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa haraka walikuwa wamefariki, na 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka. Miongoni mwa waliopewa dripu ya taratibu tu, walifariki asilimia 7.3.

Wapo waliodai kwamba vigezo vya kusajili watoto vilikuwa vipana mno. Hoja hiyo ina uzito palipo na maabara kamili na mashine za kupumulia. Katika wodi ya wilayani, tuseme Tarime au Serengeti, inapungua nguvu. Muuguzi asiye na vifaa hivyo hugusa miguu iliyopoa, hubonyeza ukucha, hutafuta mapigo ya kifundo cha mkono. Dalili za namna hiyo ndizo zilizotumiwa na jaribio.

Hatari kubwa zaidi imo katika usomaji. Watoto wenye utapiamlo mkali, na wale wa kuhara na kutapika, hawakuhusishwa. Matokeo yakifika wodini kama agizo fupi la kutotoa dripu haraka, mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara anaweza kunyimwa tiba anayoihitaji. Ripoti yenyewe ni ya Kiingereza. Muuguzi hukutana nayo, kama atakutana nayo, ndani ya mwongozo uliokwisha kuifupisha, na katika ufupisho ni rahisi kuwaacha nje watoto hao hao.