Fumbo la Picha na Adabu ya Kitendawili

Mchezo wa kuunganisha vipande vya picha hudhaniwa na wengi kuwa kitu kidogo mno kuweza kuhakikiwa. Picha hukatwa, mtoto huvipanga vipande, na picha ikitimia mchezo umekwisha. Walakini kila chombo kinachomtaka mtu afasiri alama ni aina ya maandishi, na kila maandishi yana haki ya kuhakikiwa. Makala haya yanautazama uso wa mchezo huo unapochezwa katika kishikwambi au simu, na mchezaji anayekusudiwa ni mtoto wa Nachingwea na Ruangwa. Kwa neno “uso” nakusudia yote ambayo mtoto huyaona, huyasikia na huyagusa anapolikabili fumbo: alama, sauti, ukubwa wa vipande, na jibu apewalo anapokosea.

Mchezo huu una historia. Katika miaka ya 1760 John Spilsbury wa London alibandika ramani juu ya ubao, akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, akaiuza ili watoto wajifunze jiografia. Fumbo lile lilikuwa jepesi kwa mtoto aliyezoea ramani, na gumu maradufu kwa mtoto asiyepata kuiona hata moja. Tatizo hilo lingali nasi. Katika michezo mingi ya leo, nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa maana yake ni “rudi mwanzo”, na gurudumu lenye meno maana yake ni “badili mipangilio”. Alama hizi hazifahamiki kwa macho matupu. Ni mapatano ya watu, na asiyekuwapo katika mapatano hawezi kulaumiwa kwa kutoyajua. Mtoto wa namna hiyo hupewa mafumbo mawili, ilhali mwenzake hupewa moja. Kisha wote wawili hupimwa kwa mizani moja.

Mwaka 1960 William Hudson alichapisha uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini kwa michoro ya mwindaji, swala na tembo. Wengi wasiozoea picha hawakuusoma umbali kama mchoraji alivyoukusudia. Wachunguzi wa baadaye walijibu kwamba michoro yenyewe ilikuwa na utata. Jibu hilo ni la haki: msomaji asipofahamu, mwandishi naye aulizwe.

Nachingwea inayo sababu ya kulikumbuka jambo hili. Mpango wa karanga, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, uliichagua pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Mtwara. Mpango ukavunjika mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Wapangaji walikuwa mbali na udongo walioupangia. Mchezo wa mtoto haugharimu reli, lakini waweza kurudia kosa lilo hilo, na safari hii atakayehesabiwa kuwa ameshindwa ni mtoto.

Kanuni ya kuliepuka kosa hilo tunayo katika fasihi yetu: ni kitendawili. Mtegaji huita, “Kitendawili!” na hangoji kimya; hungoja aitikiwe, “Tega!” Hivyo fumbo huanza kwa ridhaa ya anayefumbiwa. Pili, kitendawili huficha kitu kinachojulikana. “Nyumba yangu haina mlango” humchekesha mtoto aliyekwisha kuliokota yai. Lau angekuwa hajapata kuliona, maneno hayo yangekuwa giza tupu. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayeshindwa hatukanwi. Huambiwa atoe mji. Mtegaji huupokea, husimulia alivyostareheshwa huko, kisha hutegua. Kushindwa kwenyewe kumefanywa sehemu ya mchezo.

Tuulinganishe uso wa mchezo na adabu hiyo. Alama nyekundu ya mkasi na mlio mkali kila kipande kinapowekwa pasipo pake ni hukumu isiyo na mji. Yafaa kipande kirudi polepole mahali pake; na baada ya kukosea mara tatu mtoto aombwe atoe mji, achague Lindi, Masasi au Liwale, kisha aonyeshwe jinsi kipande kinavyokaa. Picha za kwanza ziwe kinu na mchi, bibo na korosho yake, ufuta uliofungwa matita. Sauti iite kwa Kiswahili chepesi, kwa kuwa watoto wengi wa huko husikia nyumbani Kimwera, Kimakonde au Kiyao. Vipande viwe vikubwa, na nafasi iwe ya mikono miwili ya watoto wawili. Kitendawili hakitegwi na mtu peke yake.

Atakuwapo wa kusema kwamba picha za nyumbani zitamfungia mtoto kijijini. Sivyo: baada ya kinu ije meli, lakini kinu kitangulie. Hatari ya kweli ni nyingine, nayo ni mchoraji kumbunia mtoto kijiji kisichokuwapo, chenye nyumba za nyasi tupu. Mtoto wa Ruangwa huona mabati, bodaboda na simu kila siku. Navyo ni vyake.

Kwamba mtoto aweza kujifunza kwa chombo cha namna hii kulionekana mkoani Tanga. Kuanzia mwaka 2017 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170, na mwaka 2019 onebillion na Kitkit School ziligawana tuzo kuu. Basi uwezo wa mtoto si jambo la kubishaniwa tena. Linalobaki ni wajibu wa mtungaji, na kipimo chake chepesi ni hiki: mtoto aliyekwisha kutoa mji mara tatu aitikie tena kwa hiari yake, “Tega!”