Tembo, Nyasi na Washairi Wetu

Washairi wetu, kila walipotaka kuzieleza siku za vita baridi, hawakuchoka kuitumia methali isemayo kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tembo ni Marekani na Muungano wa Kisovieti. Nyasi ni sisi, mataifa yaliyotoka mikononi mwa wakoloni. Methali hiyo imeingia katika tenzi na hotuba, na sasa imekaa kitako katika madaftari ya wanafunzi wa sekondari, ambao huiandika mwisho wa jibu la mtihani kana kwamba ni ushahidi. Mvuto wake wa kisanaa nauelewa. Ukiigeuza kidogo, "ziumiazo ni nyasi", umepata mizani nane kamili, na kina cha "si" hakimpi mtunzi taabu: upesi, nafasi, maasi, wasiwasi, yote yapo tayari. Nami nilipokuwa kidato cha tatu nilitunga shairi la beti saba lenye kituo hicho hicho, na nilisifiwa kwalo.

Leo naona kwamba sifa ile haikustahili. Nyasi hazichagui wala hazikatai. Tena, jambo ambalo wengi hulisahau, nyasi hazisaliti.

Itazame Kongo, ambako methali huonekana kuwa ya kweli kuliko penginepo. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye Katanga ilijitangaza kuwa nchi ya peke yake, ikiungwa mkono na Wabelgiji waliokuwa na maslahi katika migodi yake. Madini ya urani kutoka Shinkolobwe, katika jimbo hilo hilo, yalikuwa yametumika katika mabomu ya 1945, kwa hiyo tembo wote wawili waliijua thamani ya ardhi ile. Patrice Lumumba aliuomba msaada Umoja wa Mataifa, na alipoona hautoshi akaomba ndege kwa Wasovieti. Tangu hapo mjini Washington alihesabiwa kuwa adui, na mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilifichua kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo lilipanga kumwua. Lakini ni nani aliyemwondoa madarakani Septemba 1960? Ni Mobutu, aliyekuwa mtu wake wa karibu. Na tarehe 17 Januari 1961, alipopigwa risasi huko Katanga, waliosimama pale usiku ule walikuwa maofisa wa Kibelgiji pamoja na Tshombe na baadhi ya mawaziri wake. Mshairi akiandika kwamba Lumumba ni jani lililokanyagwa, amewasamehe watu hao kwa ubeti mmoja. Hata tume ya Bunge la Ubelgiji, mwaka 2001, ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa Kibelgiji walikuwa na dhima ya kimaadili. Yafaaje mshairi wa Kiafrika awe mpole kuliko bunge lile?

Wahenga walituachia pia methali nyingine, ambayo sijui kwa nini haikupendwa: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Hiyo ndiyo inayoifaa habari ya Ogaden. Somalia ilikuwa rafiki wa Wasovieti, na Ethiopia ilikuwa imepewa silaha na Marekani kwa miaka mingi. Siad Barre alipoivamia Ogaden mwaka 1977, Wasovieti walihamia Ethiopia na silaha zao, wakifuatwa na askari wa Kuba. Somalia ikawafukuza washauri wa Kisovieti Novemba mwaka huo, na kufikia 1980 Marekani ilikwisha kubaliwa kuitumia bandari ya Berbera. Wakubwa walibadilishana viti tu, ila waliokufa jangwani walikuwa Wasomali na Waethiopia. Hapa vita ilianzishwa na panzi wenyewe, na hilo si dogo.

Sasa tuje kwetu. Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki, na Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani ya Magharibi, ambayo kwa sera yake iliyojulikana kwa jina la Hallstein haikuridhia nchi kuwa na zote mbili. Mwaka 1965 Serikali ya Muungano iliamua kwamba ubalozi wa Wajerumani wa Mashariki uliokuwako Unguja uwe ubalozi mdogo mjini Dar es Salaam. Bonn ikaukata msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawaambia wauchukue na msaada mwingine wa serikali yao uliosalia. Desemba ya mwaka huo huo uhusiano na Uingereza ulivunjwa kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Hasara ilikuwa kubwa, wala sipendi watunzi wanaoisimulia habari hii kama ngoma ya harusi. Lakini ilikuwa hasara ya mtu aliyechagua.

Kadhalika reli. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wamesema haina faida. Nyerere na Kaunda hawakukata tamaa. China ikatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza 1970, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikamalizika 1975. Marekani, ambayo haikutaka kuachwa nyuma, ilisaidia kugharimia barabara kuu ya kwenda Zambia. Reli ilipita bonde la Kilombero, barabara ikapita Mikumi na Iringa, zikakutana Makambako. Sijapata kusoma shairi lolote juu ya Makambako. Mahali ambapo mashindano ya wakubwa yaligeuzwa kuwa njia mbili za kupitisha mizigo yetu pangestahili walau beti kumi, zikiwamo za kulalamikia deni na mabehewa yaliyoharibika.

Shairi langu lile la kidato cha tatu bado ninalo. Mara mbili nimejaribu kulitengeneza upya. Beti sita zimekubali kubadilika. Kituo kimenishinda, kwa kuwa kila nikiiondoa "nyasi" vina vyote vya mwisho huporomoka, na sijapata bado neno la kuweka mahali pake.